Mbwa wa Torgunn na Jiwe la Geithornet

Pale kijijini Hjelledal watu hawajali sana hali ya hewa ya redioni. Redio iko mjini, itajua nini. Mwezi wa tano ukiingia, jua likianza kulamba theluji ya milimani na kila mwenye miguu akitoa bandani skii zake, zile mbao za kutelezea theluji, swali huwa ni moja tu: "Tussa anasemaje?"

Tussa ni mbwa. Mbwa jike wa miaka kumi, rangi ya mkate uliookwa vizuri, mkia umejikunja mgongoni kama mpini wa kikombe. Mwenye mbwa ni Torgunn, mfuga kondoo wa miaka sitini na mmoja, mabega ya mpiga makasia na mdomo usiokosa jibu. Nyumba yake imejibanza chini kabisa ya mlima Geithornet, maana yake Pembe ya Mbuzi, hata akitaka kuona kilele kutoka dirisha la jikoni lazima akunje shingo kama anayetafuta kitu chini ya kitanda huku anaangalia dari. Jaribu mwenyewe uone kama ni rahisi.

Sifa ya Tussa ilianza hivi. Miaka tisa nyuma, Torgunn alipanda Geithornet na marafiki zake wawili wa tangu shule: Solfrid, muuguzi wa nyumba ya wazee, mwembamba, mcheshi, mwenye kucheka mpaka akae chini, na Eldar, seremala, mtu wa maneno machache na vitafunio vingi. Walipofika pale mteremko wa mwisho unapoanza kusimama, penye jiwe kubwa kama gari, Tussa, wakati huo mtoto, akakaa kitako. Akakipa kilele kisogo, akatazama bondeni, hatikisiki. Nao wakakaa. Nusu saa baadaye mteremko wote wa juu ukakatika ukashuka mbele ya macho yao, mlio wake kama lori linamwaga kokoto. Wangekuwa pale katikati, leo hii pasingekuwa na hadithi.

Tangu siku hiyo Tussa akawa mtu mzima wa kijiji. Kila mwaka walipanda, kila mwaka alikaa penye jiwe, na kila mwaka waligeuka bila ubishi, maana kwetu huku kugeuka mlimani si aibu, tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma. Mabonde mengine yana makanisa ya kale, mengine yana maporomoko ya maji ambayo wageni hupiga picha. Sisi tulikuwa na mbwa. Vyama vya skii vilimpigia Torgunn simu kuuliza, naye alikuwa akijibu polepole, kwa sauti ya daktari bingwa: "Jana alikaa. Mimi siwezi kusema zaidi ya hapo."

Utamu wa kuulizwa ulimfanya asilisemee jambo moja: mwenyewe hajawahi kufika juu ya Geithornet. Alipokuwa msichana kulikuwa na kazi za shamba, alipokuwa mama kulikuwa na watoto, na alipopata nafasi kukawa na Tussa. Vilele vingine vyote vya wilaya alishavikanyaga. Hiki cha mgongoni kwake, bado. Na watu walinyamaza mpaka sherehe yake ya kutimiza sitini. Kwetu mtu akitimiza sitini anatungiwa wimbo, unachapwa, unagawiwa mezani, na ukumbi mzima unauimba naye akikaa pale akitabasamu kama aliyefungwa kamba. Mtunzi alikuwa Solfrid. Ubeti wa nne ulisema Torgunn amesimama juu ya kila kilele isipokuwa kile kinachomchungulia akiosha vyombo. Watu themanini waliuimba mara mbili.

Alicheka. Lakini ubeti ule ulimkaa kama mwiba wa samaki. Juu ya hayo, goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Mwezi wa sita angewekewa la chuma, na daktari alipoulizwa kama goti la chuma hupanda milima alijibu "tutaona", jibu ambalo Torgunn mwenyewe huwapa watu wanaotaka kununua kondoo asiyetaka kumuuza. Kwa hiyo ilikuwa majira haya, au hakuna tena.

Wiki ile kondoo walikuwa wanazaa. Torgunn alikuwa anashinda zizini na daftari lake, anaandika nani kazaa wangapi. Humohumo ndimo huandika safari za milimani, maana yeye haoni sababu ya kununua mawili. Akiwa anasubiri jike mmoja mkaidi, akarudisha kurasa nyuma, akasoma safari zote tisa. Mwaka mmoja: theluji ngumu kama sakafu, Tussa kakaa. Mwaka mwingine: theluji uji mtupu, Tussa kakaa. Mwaka mwingine theluji kidogo tu, hata sungura asingeweza kuporomosha kitu: Tussa kakaa. Penye jiwe lilelile.

"Hebu ngoja," Torgunn alimwambia kondoo.

Wakati huo mumewe, Kjell, akaingia zizini na ndoo ya chakula. Akaigonga mara moja tu, na kondoo wote arobaini wakageuza vichwa kwa pamoja, hata yule aliyekuwa katikati ya kuzaa. Torgunn akawatazama kondoo, akaitazama ndoo, akalitazama daftari. Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali mtu huogopa jibu lake. Hili alilibeba siku tatu bila kumwambia mtu.

Jumamosi Kjell akakubali kukaa na kondoo mpaka jioni, nao watatu wakaondoka saa kumi na moja alfajiri, mwanga tayari mweupe, ganda la theluji likilia chini ya skii. Chini ya skii walikuwa wamebandika zile ngozi za kupandia, zenye manyoya yanayolala upande mmoja ili usirudi nyuma. Tussa alikuwa amefungwa kamba kwenye mshipi wa kiuno wa Torgunn. Sheria inataka mbwa wafungwe kuanzia Aprili hadi Agosti, kware wa theluji na kondoo wazae kwa amani, na Torgunn mwenye kondoo ndiye wa mwisho wa kuivunja.

"Leo mwendo gani huu?" Solfrid aliuliza baada ya saa moja. "Mtu mwenye goti bovu ananiacha mimi?"

"Hilo goti linavutwa na mbwa. Wewe unavutwa na nini?"

"Na Eldar huko nyuma. Nanusa begi lake."

Eldar alikuwa anatafuna.

Walipokaribia lile jiwe, Torgunn akafanya hila. Badala ya kuliendea moja kwa moja, akakata kushoto, akashika njia ya karibu na ukingo wa miamba, hatua mia mbili mbali nalo. Wenzake wakafuata bila kuuliza. Torgunn alikuwa anamjaribu mbwa. Kama mbwa anasikia theluji, alisema moyoni, atakaa popote theluji ilipo mbaya, jiwe liwepo lisiwepo.

Walipokuwa sambamba na jiwe, kamba ikakaza. Tussa aligeuka kulia, akaanza kuvuta kuelekea kwenye jiwe kama ng'ombe aliyeona mto. Alimburuta Torgunn pembeni hatua kumi nzima, skii zikiwa zimekaa kama herufi ambayo haijatungwa bado.

"Mwache afike," alisema Eldar. "Anataka kutuambia kitu."

"Ndicho ninachotaka kujua, ni kitu gani."

Wakafika. Tussa akakaa. Kisogo kwenye kilele, macho bondeni. Ila safari hii Torgunn hakutazama mteremko kama kawaida yake. Alipiga goti lake zima akaweka kichwa sawa na kichwa cha mbwa, akafuata macho yake yalikoelekea. Bondeni hayakufika. Yaliishia kwenye mfuko wa kushoto wa begi la Eldar, ambaye siku zote hufika wa mwisho kwa hiyo siku zote husimama upande wa chini.

"Eldar. Mfuko huo una nini?"

"Jibini."

"Ya kahawia?"

"Sasa kwetu kuna ya rangi gani nyingine? Ni ya Tussa. Akishatuonya nampa kipande. Ana haki yake."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Mbwa kaokoa maisha yetu, nimnyime jibini?"

Torgunn akasimama. "Nipe begi lako. Usimpe kitu. Simama hapohapo."

Akalitwaa begi, akamfungua Tussa kutoka kiunoni na kumkabidhi Solfrid ile kamba, akapanda hatua hamsini juu ya jiwe, mahali ambapo kwa miaka tisa hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga. Akageuka. Tussa alikwisha kumfikia, na Solfrid nyuma yake akiruka kama boya. Mbwa akakaa kitako mbele ya begi. Safari hii kisogo kilikuwa bondeni na macho yalikuwa kwenye kilele, kama yule aliyebadili dini kwa sababu ya chakula cha mchana.

Solfrid alianza kucheka akiwa amesimama, akamalizia amelala.

"Miaka tisa," alisema alipopata pumzi. "Kijiji kizima. Kuna watu waliahirisha safari zao za mwaka."

"Lakini ile siku ya kwanza," Eldar alisema kwa huzuni, "siku ile alikuwa hajui jibini. Alikaa mwenyewe. Nilimwona."

Hilo lilikuwa kweli jambo la kuchunguzwa. Wakakaa juu ya theluji wakaanza kuifukua ile siku kama watu wanaotafuta pete kwenye majani makavu. Nani alitangulia? Torgunn. Nani alisimama kwanza? Tussa, alisema Torgunn. Hapana, alisema Solfrid, tulisimama kwa sababu mtu alikuwa anatukana nyuma. Nani alikuwa anatukana?

"Mimi," Eldar akasema taratibu. "Ngozi yangu moja ilibanduka. Gundi ilikuwa imeshika baridi."

"Ukaiweka tumboni ndani ya koti ipate joto," Solfrid alikumbuka.

"Nikakaa kwenye jiwe."

"Na ukiwa umekaa unasubiri, Eldar, wewe huwa unafanya nini?" aliuliza Torgunn.

Eldar alitazama mbali. "Nilikuwa na mkate," alikiri. "Uliokuwa na jibini."

Kwa hiyo, wasomaji, kilichookoa maisha yao siku ile ni gundi mbovu na njaa ya seremala. Mbwa alikaa kwa sababu mtu alikuwa anakula. Mengine yote waliyajenga wao, kipande kwa kipande, na kila kipande kililiwa.

Torgunn hakucheka sana. Alitoa simu, akasimama akampigia kiongozi wa chama cha skii, ambaye kesho yake alikuwa anapandisha watu ishirini na sita.

"Haya, Tussa anasemaje?" ilisikika sauti ya furaha.

"Tussa hajui kitu," alisema Torgunn. "Hajawahi kujua. Anataka jibini. Mkija kesho chimbeni theluji muitazame wenyewe."

"Unatania?" aliuliza yule kiongozi.

"Natamani."

Akakata. Solfrid alimwangalia kwa jicho la pembeni. Alijua thamani ya maneno yale. Kuna watu wamevuliwa uenyekiti wakalia kwa machache zaidi.

"Basi," alisema Eldar, "mbwa hajui. Twende juu."

"Mbwa hajui," alisema Torgunn, "na sisi je?"

Wakautazama mteremko. Mweupe, laini, unang'aa kama shuka lililopigwa pasi, na jua la saa tatu lilikuwa limeshaanza kuuchezea. Ndipo walipogundua jambo la kutia haya. Kwa miaka tisa walibeba makoleo, fito za kutafutia waliofukiwa, na vile vifaa vya kifuani vinavyoitana kwa ishara mtu akifukiwa, na makoleo hayo hawakuwahi kuchimba kitu isipokuwa kochi la theluji la kuotea jua na kulia machungwa. Solfrid peke yake alipata kusoma kozi ya uokoaji, zamani, kabla hajaolewa mara ya kwanza.

"Nakumbuka," alisema. "Nusu."

"Nusu ipi?" Eldar aliuliza.

"Chimba, utaiona."

Walichimba pembeni, pasipo na mwinuko mkali, mpaka kimo cha kifua. Solfrid akakata mnara wa theluji wa upana wa koleo, akalilaza koleo juu yake. Unapiga mara kumi kwa kiganja ukitumia kifundo cha mkono tu, alieleza. Halafu mara kumi kwa kiwiko. Halafu mara kumi kwa mkono mzima kutoka begani. Ukivunjika mapema, geuka. Usipovunjika, nenda.

"Hesabu," alimwambia Torgunn.

Torgunn akahesabu. Alihesabu kama anavyohesabu wanakondoo, kwa sauti ya chini asije akawatisha. Kumi za kwanza, mnara ulisimama. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu, na kipande cha juu kikateleza mbele, polepole, kama droo inayofunguka yenyewe. Chini yake palikuwa na utando wa theluji ya punje punje, kavu kama sukari.

"Kumi na tatu ni nini?" aliuliza.

"Kumi na tatu," alisema Solfrid, "ni katikati."

"Katikati si jibu."

"Ndilo jibu la theluji, mama. Ingekuwa mbwa ningempa jibini anijibu vizuri."

Eldar alisema labda wapite mmoja mmoja. Solfrid alisema "labda" ni neno analolisikia sana kazini kwa watu waliovunjika nyonga. Torgunn aliichota ile sukari, akaiacha ipite kati ya vidole, akaichota tena. Kilele kilikuwa karibu hata aliweza kuona kivuli cha rundo la mawe la juu. Mita mia mbili za kupanda. Mara moja alitamani, kwa kweli kabisa, kwamba mbwa angejua; wakati mbwa alipokuwa akijua, kugeuka kulikuwa hakuumi.

"Hapa hatupiti," alisema mwishowe. Ilimtoka nzito.

Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuuliza maswali na ugonjwa huo haukomi siku moja, akageuza kichwa kushoto, kwenye ule ukingo wa miamba aliokuwa ameufuata kwa hila yake ya asubuhi. Upepo wa majira ya baridi ulikuwa umeufagia. Mawe matupu, theluji viraka viraka, mpaka juu. Pasipo na theluji hakuna cha kuporomoka.

"Pale je?"

"Pale ni kwa miguu," alisema Eldar. "Skii mgongoni, viatu vigumu kama ndoo, mawe ya kuteleza. Kwa goti hilo?"

"Goti hili linatupwa mwezi ujao. Ngoja lifanye kazi."

Ilichukua saa moja na nusu. Sitawapambia: haikupendeza. Torgunn alipanda kila jiwe kwa mguu wa kushoto akiuvuta wa kulia kama mzigo wa mtu mwingine. Tussa, ambaye alikuwa amepoteza cheo chake chote asubuhi hiyo, alivuta kamba ya kiunoni kwa nguvu zake zote bila kinyongo. Solfrid alitangulia akitafuta pa kukanyaga. Eldar alikuwa nyuma, na mara mbili ilibidi asukume.

"Ukimweleza mtu ulinisukuma wapi," alisema Torgunn, "nitakukana."

"Nani ataniamini? Kijiji kizima kinadhani wewe ni mtaalamu."

"Kilidhani."

Saa sita kasorobo alikanyaga mahali ambapo hapakuwa na jiwe jingine la kupanda. Akasimama. Solfrid akamshika mkono na kusema ataandika ubeti wa nne upya. Torgunn hakumsikia vizuri, maana alikuwa hatazami bonde lake wala nyumba yake wala zizi, hayo anayajua. Alikuwa ameugeukia upande wa pili.

Kulikuwa na bonde refu, la kivuli, ziwa lililoganda katikati. Kando ya ziwa, shamba moja, banda jekundu, moshi unapanda. Akatoa darubini. Mtu fulani alikuwa akipasua kuni.

"Nani anakaa kule?"

Eldar hakujua. Solfrid hakujua. Kwa barabara, bonde lile liko mbali, mwendo wa saa mbili na kivuko, na hakuna anayekwenda asikokuwa na shangazi.

"Miaka sitini na moja," alisema Torgunn, "kuna mtu anaangalia mgongo wa mlima wangu kila siku, na simjui jina."

"Gari langu liko uani kwako, upande huu," alisema Eldar, kwa kuwa alishaanza kumwelewa.

"Solfrid, chimba."

Upande ule ulikuwa wa kaskazini, mteremko wa upole, theluji yake baridi haijaguswa na jua. Torgunn akahesabu tena. Kumi, ishirini, thelathini. Mnara ulisimama kama nguzo ya kanisa, na Eldar akaupiga teke ili kuwa na uhakika. Wakabandua ngozi chini ya skii, wakafunga viatu, wakashuka mmoja mmoja, wakipindapinda kwa mistari mirefu, Torgunn akiegemea goti zima na kulaani lile jingine, Tussa akikimbia kando na kamba yake, masikio yamelala nyuma.

Ziwa walilizunguka kandokando, maana barafu ya mwezi wa tano haiaminiki. Walipofika shambani, mzee aliyekuwa akipasua kuni aliliacha shoka kwenye gogo. Jina lake Sjur. Aliwatazama watu watatu na mbwa, akatazama alama zao za skii zilivyoteremka mlima mzima hadi uani kwake.

"Mmepotea?"

"Hapana," alisema Torgunn. "Mimi nakaa nyuma ya huu mlima. Upande wa pili. Nimekuja kuuliza nyie mnauitaje."

Mzee hakuona ajabu. Aligeuka akautazama mlima kama anayemtazama mpangaji asiyelipa.

"Tunauita Mwizi."

"Mwizi? Anaiba nini?"

"Jua. Analichukua mwezi wa kumi, analirudisha mwezi wa pili." Akatema mate pembeni. "Nyie je?"

Torgunn aliukodolea mlima macho. Kutoka hapa ulikuwa mweusi, mpana, mzito, hauna pembe hata moja. Asingeutambua kama angeuona kwenye picha. Kule kwao wakati huu jua lilikuwa limejaa uani.

"Kwetu ndiko linakokwenda," alisema.

"Nilidhani hivyo," alisema Sjur, akasukuma mlango wa jikoni kwa kiwiko. "Ingieni. Kahawa ipo."